UCHAMBUZI: Lami kuukuu yaweza kuiokoa barabara ya Garsen, lakini je, itashika tairi?

MTO Tana unapovunja kingo zake, habari ya kwanza kufika Nairobi huwa ni ya barabara iliyokatika. Ilikuwa hivyo wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, ikawa hivyo mwaka 2018, na ikawa hivyo tena Novemba 2023, pale barabara ya Garissa ilipokatika karibu na Madogo na ile ya kuelekea Lamu ikafunikwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba. Kabla wakazi hawajamaliza kukausha magodoro yao, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakaja kurudia kazi ile ile.

Habari ya pili haiandikwi. Maji hupungua, tingatinga huletwa, mashimo hufukiwa, magari huruhusiwa kupita, na watu huhesabu kuwa barabara imerudi. Hakuna anayeuliza iwapo barabara hiyo iliyorudi inashika tairi. Uso wake waweza kuwa umenyooka, mweusi na wa kupendeza kwenye picha za ufunguzi, ilhali basi linalotoka Malindi likifunga breki kwenye manyunyu ya kwanza linateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni.

Suala hili la mshiko wa barabara limekuwa zito zaidi kutokana na mabadiliko yanayoendelea katika ujenzi wa barabara kote duniani. Wahandisi wanahimizwa wasiitupe lami ya zamani. Inakwanguliwa kwa mashine, inasagwa, inachanganywa na lami mpya kidogo au saruji, kisha inatandazwa upya. Katika maeneo mengi hoja ya kufanya hivyo ni ya mazingira na ya akiba ya fedha. Katika Tana River ipo hoja ya tatu, nayo ni ya jiografia: nyanda za chini za Tana hazina mawe.

Anayesafiri kutoka Malindi kupitia Gongoni, Marereni na Kurawa hadi Minjila, penye njia panda ya kuelekea Lamu, hupita zaidi ya kilomita 100 bila kuona jabali. Upande wa bahari kuna mchanga, viwanda vya chumvi na mawe laini ya matumbawe. Kadiri anavyoukaribia mto, udongo hugeuka kuwa mweusi na wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Delta nzima ni mashapo yaliyoletwa na mto kutoka mlima Kenya na Nyandarua kwa maelfu ya miaka. Mawe magumu ya kokoto yapatikana mbali, kwenye machimbo kama yale ya Jaribuni katika Kaunti ya Kilifi, na husafirishwa kwa malori ambayo nayo huichakaza barabara ile ile yanayoijenga.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita saba na tabaka la lami la sentimita tano hubeba takriban tani 840 za mchanganyiko. Katika mchanganyiko wa kawaida, gundi ya lami ni kama asilimia tano tu ya uzito huo, yaani tani 42 hivi. Zilizobaki, karibu tani 800, ni mawe. Kwa lori la tani 20, hiyo ni misafara 40 kwa kila kilomita moja. Tabaka kuukuu likikwanguliwa na kutupwa kando, mawe hayo yote hutafutwa upya huko Kilifi. Likitumiwa tena, barabara yenyewe imegeuka kuwa machimbo.

Gundi nayo si rahisi kupatikana. Tangu mtambo wa Changamwe mjini Mombasa uache kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lami ya Kenya ni ya kuagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta na thamani ya shilingi. Fedha za matengenezo hutoka kwenye ushuru wa mafuta, ambao serikali iliupandisha kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024. Mwenye gari aliyekasirishwa na nyongeza hiyo ana kila sababu ya kutaka kila tani ya lami iliyokwisha kulipiwa itumike mara mbili.

Kwa hivyo hoja ya kutumia upya lami kuukuu katika barabara za Garsen ni nzito, na anayeipinga moja kwa moja hajafikiri vya kutosha. Tatizo ni kwamba hoja hiyo hutolewa nusu. Huzungumzia nguvu ya barabara kubeba mzigo, unene wa tabaka na gharama ya kilomita moja. Kuhusu iwapo uso wa barabara hiyo utaishika tairi siku ya mvua, kimya hutanda.

Mshiko wa barabara unategemea mambo mawili ambayo jicho la kawaida halitofautishi. La kwanza ni ukali wa uso wa kila kokoto. Ukipitisha kidole juu ya jiwe lililopasuliwa karibuni utahisi kama msasa. Vijino hivyo vidogo ndivyo vinavyochoma utando mwembamba wa maji na kuifikia raba ya tairi. La pili ni nafasi zilizopo baina ya kokoto na kokoto, ambazo huyapa maji mahali pa kukimbilia tairi inapoyakandamiza. Katika mwendo wa polepole, ukali wa kokoto ndio unaoamua mambo. Mwendo unapozidi, nafasi za kutoroshea maji huwa na uzito mkubwa zaidi, kwani maji yasiyopata pa kwenda huliinua gurudumu na kulielea chini yake.

Tofauti kati ya uso unaoshika na ule usioshika si ndogo. Tuchukue mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kisheria kwa mabasi, matatu na malori nchini Kenya. Kwenye uso mkavu wenye mshiko mzuri, gari lililofungwa breki barabara husimama baada ya mita 36 hivi. Kwenye uso uliolowa na uliong'arishwa na magurudumu, umbali huo waweza kufika mita 84. Hapo hatujahesabu sekunde mbili ambazo dereva hutumia kuona hatari na kuusogeza mguu, ambazo peke yake ni mita 44 zaidi. Kundi la ng'ombe wa wafugaji wa Orma au Wardei likivuka barabara mita 100 mbele ya basi, uso wa kwanza humpa dereva nafasi ya kusimama na kupiga honi. Uso wa pili humfikisha katikati ya kundi akiwa bado ana mwendo wa kutisha.

Na mifugo huvuka. Garsen ni soko la ng'ombe, barabara hukata njia za kwenda mtoni, na wakati wa kiangazi wafugaji hutoka mbali kuja kunywesha. Kwato hubeba matope kutoka kingoni na kuyaacha juu ya lami. Bodaboda, ambaye ana magurudumu mawili tu na mara nyingi abiria wawili au gunia la maembe nyuma, hukutana na matope hayo kwenye kona akiwa hana kinga yoyote zaidi ya mshiko wa uso ule. Gari lenye magurudumu manne laweza kuteleza na kunyooka tena. Pikipiki ikiteleza, imeanguka.

Hali ya hewa ya eneo hili huongeza jambo ambalo ni nadra kutajwa. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa miongo mingi umeonyesha kuwa mshiko wa barabara hupanda na kushuka kwa majira. Katika kipindi kirefu cha ukavu, vumbi laini hunaswa kati ya tairi na jiwe na kufanya kazi ya kung'arisha, sawa na fundi anayesugua kidani kwa unga. Mvua ndefu zikija, huosha vumbi hilo na ukali wa jiwe hurejea kwa kiasi. Wakati wa hatari kubwa, basi, ni ule mpaka baina ya majira mawili: mvua ya kwanza baada ya miezi ya kiangazi. Huko Tana River kiangazi ni kirefu, vumbi ni la mfinyanzi, na mafuriko huongeza tope laini ambalo likikauka huwa unga na likiloa huwa uji. Manyunyu ya kwanza ya Oktoba au Machi hayatoshi kuuosha uji huo. Yanatosha tu kuukoroga.

Sasa tuiweke lami kuukuu ndani ya picha hii.

Wapo wanaoamini kuwa lami iliyotumiwa upya ni lazima iteleze kwa sababu mawe yake yamekwisha kusuguliwa kwa miaka. Imani hiyo ina ukweli kidogo tu. Katika tabaka la sentimita tano, kokoto zilizoguswa na magurudumu ni zile za juu kabisa. Zilizo chini yake hazijawahi kuiona tairi. Zaidi ya hayo, ngoma la mashine ya kukwangua hupasua baadhi ya mawe na kufungua nyuso mpya. Jiwe lililokuwa gumu na lenye ukali kabla ya kuingia barabarani kwa kawaida litabaki hivyo baada ya kukwanguliwa.

Hatari iko mahali pengine, na ya kwanza ni aina ya jiwe. Mawe ya chokaa, yakiwemo ya matumbawe yanayopatikana kwa wingi kwenye ukanda wa Pwani, ni laini na hung'aa upesi chini ya magurudumu. Jiwe lenye madini ya ugumu tofauti hushika vizuri zaidi, kwa kuwa chembe zake haziliki kwa kasi moja, hivyo uso wake hubaki na vijino. Barabara ya zamani iliyotengenezwa mara nyingi, huku kiraka cha mwaka huu kikitoka chimbo moja na cha mwaka uliopita kikitoka jingine, ni mchanganyiko wa mawe ambayo hakuna daftari linaloeleza asili yake. Ukiisaga yote na kuirundika pamoja, umepoteza uwezo wa kujua ni jiwe gani litakaloikuta tairi. Ni kwa sababu hiyo majimbo kadhaa ya Marekani huwekea kikomo kiasi cha lami kuukuu kwenye tabaka la juu, huku yakiruhusu kiasi kikubwa zaidi kwenye tabaka za chini ambazo tairi haizigusi.

Ya pili ni gundi. Lami iliyokaa juani miaka 15 au 20 hukauka na kuwa ngumu. Ili itumike tena, huongezewa lami laini au mafuta ya kuihuisha. Yakizidi, siku ya joto gundi hupanda juu kwenye mapito ya magurudumu na kuzifunika kokoto kwa utando mweusi unaometameta. Garsen ni mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na uso mweusi wa barabara huwa na joto zaidi ya hewa kwa mbali. Yakipungua, mchanganyiko huwa mkavu, kokoto hung'oka moja moja na kutawanyika barabarani kama gololi, jambo ambalo mwendesha pikipiki yeyote atakueleza ladha yake. Kati ya makosa hayo mawili nafasi ni nyembamba, na haipatikani kwa kukisia.

Kuna hatari ya tatu ambayo ni ya muda tu lakini huwapotosha wakaguzi. Uso mpya wa lami, uwe wa mawe mapya au ya zamani, huanza maisha yake kokoto zikiwa zimevikwa gundi. Ukali wa jiwe hauonekani mpaka magurudumu yaile ngozi hiyo, kazi inayochukua wiki kadhaa au miezi kutegemea wingi wa magari. Ukipima mshiko siku ya ufunguzi, unapima gundi, hujapima jiwe. Kipimo chenye maana ni kile kinachofanywa baada ya magari kupita kwa muda wa kutosha, wakati ambapo wageni waheshimiwa wamekwisha kurudi makwao.

Ni haki pia kueleza ni wapi wasiwasi huu hauhusiki. Barabara nyingi za mashambani nchini Kenya hazina tabaka nene la lami. Zimefunikwa kwa lami iliyomwagwa na kokoto zilizotandazwa juu yake. Barabara za aina hiyo zinapotengenezwa kwa kutumia upya vifaa vyake, mashine huchimba uso pamoja na msingi, huchanganya vyote na saruji au lami, hushindilia, kisha uso mpya wa kokoto hutandazwa juu. Katika hali hiyo tairi haigusani na kilichotumiwa upya, bali na zile kokoto mpya. Njia hiyo huenda ndiyo inayoifaa Garsen zaidi kuliko zote: mawe ya zamani yabaki chini kubeba mzigo, na kiasi kidogo cha mawe magumu kutoka mbali kiwekwe juu, mahali pa kushikana na tairi. Ni kama mwenye nyumba anayejengea udongo wa papo hapo lakini akaagiza mabati mazuri.

Kinachoivuruga njia hiyo njema ni tabia. Lami iliyokwanguliwa ikibaki kwenye rundo kando ya barabara, huwa kishawishi. Mafuriko yakifungua shimo, rundo lile ndilo lililo karibu. Humwagwa shimoni, hushindiliwa kwa lori, na kiraka huitwa cha dharura. Dharura zenyewe hudumu miaka. Hivyo ndivyo mawe yasiyojulikana asili yake hufika juu kabisa, mahali ambapo hayakukusudiwa, tena kwa vipande vipande. Barabara yenye mshiko wa namna moja, hata ukiwa wa wastani, dereva huizoea. Barabara inayoshika hapa na kuteleza pale haizoeleki. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye kiraka kinachoteleza na la kulia kwenye uso unaoshika, breki kali hulizungusha gari.

Kupima mshiko si jambo la anasa. Kifaa kinachotumika zaidi kilikamilishwa kwenye maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza katikati ya karne iliyopita. Ni mkono unaobembea kama timazi ya saa ya ukutani, wenye kipande cha raba mwishoni. Barabara hulowanishwa, mkono huachiliwa, raba husugua uso, na jinsi mkono unavyoshindwa kupanda upande wa pili ndivyo mshiko unavyosomeka kwenye mizani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 1969 ulipendekeza kiwango kisichopungua 65 kwenye kona kali na maeneo mengine magumu, 55 kwenye barabara kuu, na 45 kwingineko. Kifaa hicho hubebwa kwenye buti la gari.

Kipimo cha nafasi baina ya kokoto ni chepesi zaidi. Mchanga mkavu wa kiasi kinachojulikana humwagwa barabarani na kusambazwa kwa duara mpaka uingie kwenye nafasi zote na kulingana na vichwa vya kokoto. Kisha duara hupimwa kwa futi. Mililita 50 za mchanga zikitengeneza duara la upana wa sentimita 25, wastani wa kina ni milimita moja. Duara likizidi kupanuka, uso ni bapa na maji hayana pa kwenda. Mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuifanya hesabu hiyo.

Kenya haijawahi kukosa wataalamu wa kazi hii. Idara ya upimaji na utafiti wa vifaa vya ujenzi chini ya wizara ya barabara ina historia ndefu, na mwongozo wa usanifu wa barabara wa mwaka 1987 uliongoza wahandisi wa nchi hii kwa miongo. Hata hivyo, sehemu ya mwongozo huo iliyohusu vifaa na matabaka iliandikwa kwa ajili ya barabara mpya, wakati ambapo taifa lilikuwa linahesabu kilomita za kuongeza. Barabara ya kutengeneza kwa mawe ya kale ni mtoto wa zama nyingine. Afrika Kusini ilitoa mwongozo wake wa kutumia upya lami ya moto mwaka 2009, na kanuni mojawapo ya msingi katika kazi ya aina hiyo ni kutenganisha marundo kulingana na yalikotoka, kuyapima na kuyachuja kabla ya kuyatumia.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 1988 barabara kuu zina sera ya kupimwa mshiko kwa magari maalumu, na kila aina ya mahali ina kiwango chake: mahali palipo wazi na panyoofu pana kiwango cha chini, njia panda na vivuko vina cha juu. Barabara ikishuka chini ya kiwango, haihesabiwi moja kwa moja kuwa mbovu. Wahandisi hulazimika kuichunguza, kutazama historia ya ajali za mahali hapo, na kuamua. Tana River haihitaji magari hayo ya bei ghali. Inahitaji ile fikra ya kuwa njia panda ya Minjila haistahili kipimo kimoja na uwanda mnyoofu wa Kurawa.

Anayesoma bango la mradi wa barabara nchini Kenya hupata jina la mwanakandarasi, la mhandisi mshauri na la mfadhili. Wakazi wa Tana River, ambao kwa sensa ya 2019 walikuwa 315,943, wamezoea kuulizia kilomita ngapi zimekamilika na fedha zimekwenda wapi, na maswali hayo ni ya haki. Swali la mshiko haliulizwi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa lipo. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, iliyoundwa chini ya sheria ya barabara ya mwaka 2007, ingeweza kulifanya kuwa sharti la kandarasi bila kusubiri Bunge: mshiko upimwe kabla ya mwisho wa kipindi cha dhamana, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, na matokeo yatangazwe kwa kila sehemu. Mwanakandarasi anayejua kwamba fedha zake za mwisho zinangoja mkono ule unaobembea atakuwa mwangalifu na rundo lake la lami kuukuu.

Wapo watakaosema kuwa hili ni suala la nchi tajiri. Eneo ambalo barabara hukatika kabisa kila mafuriko yanapokuja, wanauliza, lina nafasi gani ya kujadili ukali wa kokoto? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu iwapo kipimo kingegharimu fedha za maana zikilinganishwa na ujenzi wenyewe, na havilinganishwi hata kidogo. Aidha, huisahau hesabu ya baada ya ajali. Majeruhi wa Ulaya kwa kawaida hufikishwa hospitali upesi zaidi. Anayeumia kati ya Minjila na Marereni hutegemea hospitali ya Ngao au safari ndefu hadi Malindi, mara nyingi ndani ya gari la msamaria, juu ya barabara ile ile. Umaskini wa huduma hizo ndio unaofanya mita 40 za ziada za kusimamia gari ziwe ghali zaidi hapa.

Wengine hulitupa jambo lote kwa madereva. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, imekuwa ikihesabu zaidi ya watu 4,000 wanaofariki kila mwaka katika barabara za Kenya, na hakuna mwenye akili atakayekana kwamba mwendo wa kasi, uchovu na tairi vipara vina sehemu kubwa katika maafa hayo. Lakini taarifa zinazotoka vituoni mara nyingi huishia kwenye sentensi moja, kwamba dereva alishindwa kulimudu gari lake likaacha njia. Sentensi hiyo imechapishwa mara nyingi mno hata imeacha kusomwa. Haielezi kwa nini alishindwa. Ikiwa mvua ilikuwa imenyesha dakika kumi tu, ikiwa kiraka kilikuwa kimeng'aa, ikiwa matope ya ng'ombe yalikuwa kwenye kona, mambo hayo huoshwa na mvua inayoendelea kunyesha kabla mhandisi hajafika, iwapo atafika.

Polisi wakiandika tu kama uso ulikuwa umelowa, kama palikuwa na kiraka na gari lilianza kuteleza wapi, mhandisi angekuwa na mahali pa kuanzia. Ajali tatu zilizotokea ndani ya mita 200 kwenye mvua za kwanza zingetosha kumpeleka na kifaa chake. Kwa sasa ajali hizo tatu hubaki kwenye mafaili matatu, kila moja ikiwa na dereva wake wa kulaumiwa.

Mengine hayangoji kandarasi mpya. Tope la mafuriko laweza kukwanguliwa na kuoshwa kabla magari hayajaruhusiwa kupita kwa mwendo wa kawaida, badala ya kuachiwa magurudumu kazi ya kulisaga. Mapito ya magurudumu yaliyong'aa huonekana kwa macho jua linapokuwa chini, asubuhi au jioni, na mkaguzi aliyepanda pikipiki kutoka Garsen hadi Minjila angeyaorodhesha kabla ya chakula cha mchana. Sehemu hizo zinaweza kutandazwa kokoto mpya pasipo kuigusa barabara nzima, na mawe ya kazi hiyo ni ya malori machache. Kazi hizo hufaa kufanywa wakati wa kiangazi, kabla ya vuli. Tani zile 800 za kila kilomita zaweza kubaki hapo zilipo, chini, zikibeba malori ya chumvi.